Sare Moja ya Mapacha wa Kariuki

Vijana, kabla hamjacheka hii miguu yangu iliyopinda, jueni kwamba ilikanyaga cherehani miaka thelathini na ushee kwenye veranda moja hapa Eldoret, mji ambao sisi wa zamani tuliuita Sisibo. Nimeshona sare za shule mpaka nikiota ndoto naota kaki. Nyanya zenu wengi walivaa sketi zangu. Msiniulize viuno vyao vilikuwa inchi ngapi, maana ninakumbuka vyote na sitasema hata kimoja.

Mnapenda kubishana kwa nini mtoto fulani alisoma akafika na mwenzake akakwama. Nawasikia. Mnasema ni umaskini, mnamaliza hapo, mnaagiza chai. Mimi nakubali umaskini ni jitu baya, nimelala nalo kitanda kimoja. Lakini fundi wa sare anajua kitu ambacho hata mwalimu hakijui. Mwalimu anamwona mtoto. Mimi nilimwona aliyemleta.

Mzazi akifika kwenye veranda, kabla hajasema jina la mtoto, mimi nilikuwa naangalia jinsi anavyotaka pindo. Pindo ni ile sehemu ya chini ya nguo inayokunjwa ndani. Ukiacha vidole vinne, mwaka ujao utafungua mshono, utateremsha nguo, na mtoto ataendelea kuvaa. Basi alikuwa akija mama mmoja muuza mboga, viatu hana, ananiambia, "Fundi, weka pindo kubwa, huyu anaenda mpaka mwisho." Saa hiyo hiyo anakuja bwana mmoja wa Moi's Bridge, mahindi yake yanabebwa na lori mbili, ananiambia, "Usiharibu kitambaa kwa pindo, huyu mwaka ujao anaingia shambani. Mahindi yangu yalikuuliza cheti lini?" Mimi nilikuwa nacheka naye kwa adabu, kisha namwekea mtoto wake pindo kubwa kimya kimya. Mara ngapi nimefanya hivyo? Nyingi. Kitambaa chake, uzi wangu, na hakuwahi kujua.

Lakini msinione kama mtakatifu. Nilianza kazi nikiwa mjinga wa kupigiwa mfano. Mwenye duka alikuwa Mzee Warsame, Msomali mrefu, mwenye kofia nyeupe na uvumilivu mwingi. Yeye aliuza vitambaa ndani, mimi nilishona nje, na alinifundisha vitambaa ingawa hakuwahi kushona hata kifungo. Aliniambia kaki ilowekwe kwenye maji usiku kucha kabla ya kukatwa. Mimi nikaona ananichelewesha. Nikashonea darasa zima kaki kavu. Mvua ya kwanza iliponyesha, kaki ikanywea. Kesho yake watoto walinijia wakiwa wamebanwa kila mahali, mmoja hawezi kuinua mkono, mwingine hawezi kuketi. Yule asiyeweza kuketi alisimama mbele yangu mchana kutwa, mama yake akiwa nyuma yake, mpaka nikamshonea nyingine. Mzee Warsame alipita, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaniita kwa Kisomali, "Warya Fundi, kaki imekufundisha?" Akaingia dukani kuswali.

Jambo lingine la kazi: usikubali kipimo bila mtoto. Ile miaka baada ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na watu wetu wakichanga pesa kwenye vyama vya kununua ardhi, wazazi walikuwa na haraka ya ajabu. Wote walikuwa mbioni kwenda kuona vigingi vyao vya mipaka. Hawakuwa na muda wa kuleta mtoto mjini. Walileta kamba yenye mafundo, walileta fimbo. Baba mmoja aliniletea bua la mahindi, akasema, "Urefu wake ndio huu." Nikapima bua. Nikashona. Akarudi amenuna, kaptula inaishia juu kabisa ya mapaja. Tulipochunguza, kumbe njiani alisimama kununua tumbaku na mbuzi akala kichwa cha bua. Aligoma kabisa kuamini. Aliniambia mbuzi hawezi kula mtoto.

Sasa niwaambie habari ya Kariuki, ambayo ndiyo inanifanya nikae nanyi leo. Ni kosa langu kubwa kuliko yote, na wakati ule nililiona ni ufundi.

Kariuki alitoka kwetu, Mkoa wa Kati, kama mimi. Alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la mzungu tangu ujana, akilima udongo usio wake. Alipopata hisa katika chama kimoja cha kununua ardhi na kuonyeshwa kipande upande wa Yamumbi, huyo mtu alipagawa. Nasema kwa upendo. Alikuwa akifika mjini na udongo wa shamba lake mfukoni, anautoa, ananinusisha. "Nusa, Fundi. Hii ni yangu." Mimi nanusa. Mzee Warsame naye ananusishwa. Kila senti iliingia kwenye hisa, na nyumbani walikula mboga na chumvi wakiwa wanacheka.

Alikuwa na mapacha, Wambui na Ndegwa, msichana na mvulana, wote darasa la saba, urefu uleule, akili zilezile za kuchemka. Shule yao ilikuwa na sare ya kaki kwa wote: shati, na chini sketi kwa wasichana na kaptula kwa wavulana. Bila sare hauingii darasani, na nguo zao za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa.

Kariuki akaja kwangu asubuhi moja, uso unang'aa.

"Fundi, mimi nataka nguo moja."

"Ya Wambui ama ya Ndegwa?"

"Ya wote."

Nikadhani sijasikia. Akavuta kiti. Akanieleza kwamba shamba lazima lionekane lina mtu kila siku, la sivyo vigingi vitahama au ng'ombe wa majirani wataingia. Yeye ako kibaruani kwenye mbao, mama yao ako sokoni. Kwa hivyo mtoto mmoja alinde shamba na mmoja aende shule, kisha wabadilishane. Jioni yule aliyeenda amfundishe yule aliyebaki. "Sasa nguo mbili ya nini? Hawa walizaliwa pamoja. Hesabu kama ni mtoto moja ako na mwili mbili."

Vijana, mtu mwenye busara angekataa. Mimi nilisisimka! Nguo ambayo ni sketi Jumatatu na kaptula Jumanne! Hakuna fundi Eldoret aliyewahi kujaribu. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilikata sketi pana kidogo, nikaweka vifungo vya kubana ndani, mstari mmoja katikati, toka mbele hadi nyuma. Ukivifungua, sketi. Ukivifunga, inagawanyika miguu miwili, kaptula. Nilipomaliza niliivaa juu ya suruali yangu mwenyewe nikazunguka kwenye veranda mbele ya wateja, nikifunga na kufungua, sketi, kaptula, sketi, kaptula. Watu walipiga makofi. Kariuki alinikumbatia.

Mzee Warsame hakupiga makofi. Alishika ile nguo, akavuta mshono, hakupata kosa. Akasema, "Wewe fundi hodari. Lakini hapa umeshona ujinga." Nikaona ni wivu wa watu wasiojua kushona.

Mpango ukaanza. Jumatatu Wambui, Jumanne Ndegwa. Jumatano nguo inafuliwa, kwa sababu wavaaji wawili na tope la Yamumbi si mchezo, na mtoto mchafu alirudishwa nyumbani. Alhamisi Wambui, Ijumaa Ndegwa. Kila wiki hivyo hivyo. Muhula mzima mimi nilitembea kifua mbele. Nilikuwa nimeushinda umaskini kwa vifungo tisa.

Kisha ikaja Ijumaa ya mazoezi ya viungo. Ndegwa aliruka kamba ya juu, na alipokuwa hewani vifungo vyote vikaachia kwa mara moja. Aliondoka chini na kaptula, akatua na sketi. Shule ikalala chini kwa kicheko. Walimu nao. Mimi niliposimuliwa nilicheka mpaka machozi, halafu nikakumbuka ni nani aliyeishona.

Aliyekuja kunitafuta ni Mwalimu Jepkosgei, mwalimu wao wa darasa, mwanamke mdogo wa umbo ambaye hakuhitaji kupaza sauti. Alimkuta Kariuki hapo hapo kwangu, akininusisha udongo.

"Nani alishona ile nguo ya Ndegwa?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Fundi, nilikuwa naona mahudhurio ya hawa watoto nikidhani ni wagonjwa. Kumbe ni wewe." Akamgeukia Kariuki. "Mzee, Ijumaa ijayo napeleka majina ya mtihani wa darasa la saba. Mtoto wa kuja nusu siwezi kupeleka. Nitaandika yule ambaye atakuwa anakuja kila siku. Kama sare ni moja, nitaandika jina moja. Chagua."

Kariuki alifikiri. Halafu uso wake ukang'aa tena, na mimi nikaanza kuogopa.

"Sawa, Mwalimu. Andika jina moja. Andika Kariuki. Asubuhi Wambui atafanya mtihani, mchana Ndegwa atamaliza."

Nilidhani Mwalimu ataanguka. Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Mzee," akasema polepole, "serikali haina mtihani wa mapacha." Alipoondoka Kariuki aliniuliza kwa dhati kabisa kama ningeweza kumshonea barua ya kuomba. Alikuwa amechanganyikiwa. Kuchagua kati ya watoto wake hakuweza, na kununua kaki nyingine hakutaka, kwa sababu malipo ya mwisho ya shamba yalikuwa mlangoni. Nilimwona kwa mara ya kwanza akitoka kwangu bila kunusisha mtu udongo.

Wiki hiyo hiyo chama kikatangaza kwamba Jumatatu kila mwenye hisa aende kuweka kidole gumba kukubali kipande chake. Kariuki alishaambiwa chake ni eka mbili. Lakini alikuwa na wasiwasi kwamba vigingi vimesogezwa. Jumamosi akaja kuazima tepu yangu. Fundi haazimi tepu, hata kwa ndugu. Nikamwambia nitakuja nayo mwenyewe Jumapili baada ya kanisa.

Nilifika Yamumbi nimevaa suruali yangu ya pekee ya kanisani. Nikapendekeza tupime kamba ndefu kwa tepu, kisha tupime shamba kwa kamba. Kariuki akakataa. "Kamba inavutika. Hii iko na namba." Basi, vijana wangu, tulipima shamba zima kwa tepu ya fundi nguo, inchi sitini kwa wakati, mara tatu ni yadi tano. Mimi nikiwa nimepiga magoti upande huu, Kariuki amepiga magoti upande ule, mapacha wanahesabu, Mama Wambui anatembea pembeni na kigingi akituambia tumepinda. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama tunalishonea shamba koti. Tulicheka, tukapotea hesabu, tukaanza upya. Suruali yangu ya kanisani haikurudi hali yake tena.

Tulipomaliza, urefu ulikuwa yadi mia moja na kumi, upana themanini na nane. Ndegwa akachukua kijiti, akachora chini, akazidisha haraka kama anakuna mgongo. "Elfu tisa, mia sita na themanini." Wambui akakagua, akasema ni sawa. Kariuki alijaa fahari. Akawatazama majirani wote mmoja mmoja.

"Sasa sema. Hiyo ni eka ngapi?"

Ndegwa akakuna kichwa kwa kijiti.

"Ndegwa. Eka moja iko na yadi ngapi?"

"Hiyo sijafundishwa, Baba. Nadhani ilikuwa siku ya Wambui."

"Haikuwa yangu," Wambui akasema. "Mimi nilidhani ni yako."

"Mimi? Siku zangu tulifanya desimali."

"Na zangu tulifanya riba."

Wakaanza kubishana, huyu akimlaumu yule kwa kutomfundisha, mpaka mama yao akaweka kigingi chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi huyo mama.

"Ilikuwa Jumatano," akasema. "Mtoto wa jirani aliniambia. Jumatano walifundishwa mambo ya eka."

"Jumatano ni zamu ya nani?" Kariuki akauliza.

"Hakuna mtu. Jumatano nguo iko kwa kamba inakauka."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Sikuinuka. Kariuki aliangalia ile ardhi yake, akaangalia watoto wake, na hakuna aliyeweza kumwambia ina ukubwa gani. Mimi mwenyewe niliachia darasa la nne, sikujua. Majirani hawakujua. Nilikuwa nimewafungia watoto wawili mlango wa Jumatano kwa vifungo vyangu tisa, na nilipigiwa makofi.

Jumatatu asubuhi Kariuki hakwenda kwanza kwenye ofisi ya chama. Alipitia kwangu, akanishika mkono, tukaenda shule. Tulisimama mlangoni mwa darasa la saba. Wambui alikuwa ndani na sketi. Ndegwa alikuwa shambani.

"Mwalimu, samahani," Kariuki akasema akiwa ameshika kofia. "Eka moja ni yadi ngapi?"

 Mwalimu Jepkosgei aliligeukia darasa, akainua mkono tu. Na watoto arobaini na kitu wakapaza sauti kwa pamoja, kwa furaha, jinsi watoto wanavyopenda kuonyesha wanachojua: "Elfu nne, mia nane na arobaini, yadi za mraba!"

Darasa zima, isipokuwa Wambui. Yeye aliinamisha kichwa kwenye dawati, na akaanza kuandika haraka kwenye daftari kabla hajasahau. Sijasahau vile alivyokuwa anaandika.

Kariuki alihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. "Basi ni eka mbili kamili," akasema. "Mwalimu, hawakunipunja." Halafu akalia. Mtu mzima, mlangoni, mbele ya watoto. "Ni mimi nimewapunja hawa."

"Na mimi," nikasema.

 Mwalimu akasema, "Ijumaa bado haijafika."

Tulirudi mjini karibu tukikimbia. Kariuki aliweka kidole gumba chake, akaja kwenye veranda na wino bado unameta. Mzee Warsame alikuwa ameshasikia yote, maana Eldoret ya siku hizo habari ilikuwa na miguu. Alitoa kaki kutoka kwenye mzigo mpya, ya kutosha watoto wawili, akaiweka mezani pangu. "Ukivuna utaniletea mahindi," akamwambia Kariuki. Nikaanza kuchukua mkasi. Akanizuia mkono. "Loweka kwanza." Hata wakati wa huruma, Mzee alijua kazi.

Jumatano mapacha wote wawili waliingia darasani, kila mmoja na nguo yake. Ijumaa majina mawili yakaenda. Ile nguo yangu ya ajabu niliikata, nikatengeneza mifuko ya sare za watoto wengine, na sijawahi tena kushona kitu cha kumsaidia mzazi kumnyima mtoto. Wakija na mipango ya aina hiyo, niliwaambia kaki imekwisha. Nyinyi pia, kazi yoyote mtakayofanya, kuna siku mtaombwa kutumia ufundi wenu kufanya jambo baya lionekane rahisi. Litakuja na tabasamu. Mtapigiwa makofi. Kataeni.

Mtauliza walifaulu? Wambui alienda sekondari. Ndegwa alirudia mwaka, akapita mara ya pili, na mpaka leo anadai ni mimi nilimpotezea mwaka huo. Namkubalia.

Lakini mimi nakumbuka zaidi siku ya mtihani wenyewe. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia, kwa hivyo Kariuki alisimama nje ya ua wa shule tangu asubuhi, kofia mkononi, na mimi nilifunga cherehani nikaenda kusimama naye. Mahindi yake ya kwanza yalikuwa yamefika kiunoni, yale ya kumlipa Mzee Warsame, na hakukuwa na mtu wa kuyalinda, maana mama, aliyekuwa ameacha soko ili alilinde shamba, naye alikuja. Karibu saa sita tukamwona jirani anakuja kutoka Yamumbi mbio, anapunga mikono, anapiga kelele tangu mbali.

"Kariuki! Kariuki! Ng'ombe ziko ndani ya shamba yako! Zinamaliza!"

Mimi niligeuka kukimbia. Kariuki hakusogeza mguu. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha la darasa.

"Wacha zikule," akasema. "Leo niko na mtihani."